Ufunguo Ulihama, Hati Haikuhama: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Shambani, Kigamboni

Kuhusu kisa hiki

Nyumba inayozungumzwa ni ya mawe, ilijengwa shambani katika kijiji cha pwani ambacho leo ni mtaa wa Kigamboni, Dar es Salaam. Majina yameondolewa, na miaka, vipimo na kiasi cha fedha vimesogezwa ili wahusika wasitambulike. Sheria na taratibu zimeachwa kama zilivyo. Uchambuzi huu unawalenga wanunuzi, warithi, viongozi wa mitaa na mafundi. Nyumba za aina hii bado zipo pembezoni mwa jiji, na kila mwaka kuna mtu anayeweka akiba yake ya maisha ndani ya mojawapo bila kujua anamlipa nani.

Nyumba na shamba lake

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbata, Muislamu. Alijenga miaka ya 1930 ndani ya shamba lake la minazi la ekari 9. Chini kulikuwa na maghala mawili ya mbata na kichumba cha hesabu. Juu ilikaa familia, iliyovuka maji kutoka mjini siku za mapumziko na wakati wa mavuno.

Kuta zina unene wa sentimita 50, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga nyumba nzima: hakuna chumba kinachozidi mita 2.6 kwa upana, hata sebule ya juu yenye urefu wa mita 9. Mlango wa mbele ni wa kuchonga, na mfaa (ubao wa kati unaoziba mwanya wa mbao mbili) na miimo yake bado ni mizima.

Shamba lilikuwa na umiliki huru (usio na ukomo wa muda) uliosajiliwa. Sheria ya mwaka 1963 iligeuza umiliki huru wote Tanganyika kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki ardhi. Kwa hiyo hati ya familia ilibaki hai, lakini sasa ilikuwa na ukomo (2062), ilikuwa na kodi ya pango la ardhi inayodaiwa kila mwaka, na ilikuwa na masharti ya matumizi. Familia iliendelea kusema "shamba letu" kama zamani. Kodi ya pango ililipwa miaka michache ya mwanzo, ikasahaulika.

Mikono mitano

Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majumba ilichukua nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilizokuwa zimepangishwa. Hii haikuguswa, kwa kuwa ilitumiwa na mwenyewe. Jambo hili ni dogo ila lina uzito: zaidi ya miaka 45 baadaye dalali alikuwa akiwaambia watu kwamba nyumba "ilitaifishwa ikarudishwa", maneno yasiyo na karatasi yoyote nyuma yake.

Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilipofika, serikali ya kijiji iligawa sehemu ya minazi kwa kaya zilizohamishiwa hapo, kama ekari 6. Mwaka 1975 mwenye nyumba akaruhusu maghala ya chini yatumike kuwa zahanati, na kichumba cha hesabu kiwe ofisi ya kijiji. Ruhusa hiyo aliiandika: ukurasa mmoja kwa mkono, ikisema vyumba vitumike mpaka kijiji kijenge vya kwake, kisha virudi. Ekari 6 hazikuandikwa popote. Kwenye daftari la Msajili wa Hati shamba liliendelea kuwa la ekari 9.

Mwenye nyumba alifariki mwaka 1986. Mirathi haikufunguliwa. Aliacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Mjane naye akafariki kabla ya 2000. Zahanati ilihamia jengo lake mwaka 1994. Aliyebaki na ufunguo ni mlinzi wa shamba, ambaye alikaa na mkewe na wanawe katika banda la nyuma tangu 1979, akiangua nazi na kupeleka sehemu ya mapato kwa mtoto mkubwa wa marehemu hadi mapato yenyewe yakaisha.

Mwaka 2003 mtoto wa kiume wa pili aliiuza nyumba kwa shilingi milioni 18. Hati ya mauziano ilisainiwa mbele ya mashahidi wanne na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mnunuzi aliiona hati miliki ya zamani, akapewa nakala ya kivuli, akaridhika. Hakuuliza kwa nini jina lililo juu yake si la muuzaji.

Mnunuzi huyo, pamoja na mkewe, aliifanya nyumba ya wageni na baa. Walipiga plasta ya saruji kuta zote za chini, wakamwaga zege juu ya sakafu ya sebule ili iwe baraza la kunywea, na wakang'oa mlango wa kuchonga kuweka wa chuma. Biashara ilienda vizuri miaka mitatu hivi. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni ulipotangazwa mwaka 2008 na wenye maeneo wakazuiwa kuendeleza, benki hazikutaka kusikia habari za mkopo huko. Baa ikafungwa, vyumba vikageuka stoo ya vifaa vya ujenzi.

Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016 na bei zikapanda. Mwaka 2018 akaja mnunuzi wa pili: kampuni ndogo ya Watanzania watano waliotaka nyumba ya mafunzo ya upishi yenye vyumba vya kulala. Bei ya maneno ilikuwa milioni 260. Walilipa malipo ya awali ya milioni 40 siku ileile waliyoonyeshwa nyumba, kwa sababu dalali alisema kuna mtu mwingine anakuja kesho.

Upekuzi ulionyesha nini

Wiki mbili baadaye wakili wao aliomba upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa daftari la umiliki, kwa Msajili wa Hati. Majibu yalikuwa mafupi: mmiliki ni yuleyule wa miaka ya 1930, ekari 9, matumizi kilimo na makazi, hakuna rehani, hakuna zuio, kodi ya pango inadaiwa kwa zaidi ya miaka 40.

Mpimaji alipokwenda na ramani ya zamani alizikuta bikoni (alama za mpaka) mbili tu kati ya sita, moja ikiwa chini ya kibaraza cha duka la mkaa. Ndani ya ekari 9 za kwenye karatasi kulikuwa na nyumba 31 za watu. Eneo lililozunguka nyumba ya mawe, lisilo na mtu zaidi ya banda la mlinzi, lilikuwa ekari 3.

Kwa lugha ya wazi: muuzaji hakuwa na cha kuhamisha, mwenye cha kuhamisha alikuwa marehemu, na hati iliahidi mara tatu ya kilichopo.

Maamuzi na sababu zake

*Kusimamisha malipo.* Hakuna shilingi nyingine iliyotoka mpaka pande zote zikae meza moja. Ile milioni 40 isingerudi, ilikuwa imeshatumika. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya baadaye kwa mnunuzi wa kwanza, na akasaini kukiri hivyo.

*Kutokwenda mahakamani kugombana.* Warithi walikuwa na hoja nzito: asiye msimamizi wa mirathi hawezi kuhamisha mali ya marehemu, kwa hiyo mauzo ya 2003 yalikuwa batili. Mnunuzi wa kwanza naye alikuwa na yake: Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi, na alikuwa amekaa 15 bila kusumbuliwa. Hoja hizo mbili zingeweza kupanda ngazi za mahakama kwa miaka, nyumba ikiendelea kuvuja. Wakili aliziandika zote mbili kwenye karatasi moja akaipa kila pande nakala. Kila mmoja alipoona udhaifu wake kwa maandishi, sauti zilishuka.

*Kufungua mirathi.* Kazi ngumu ilikuwa kifo chenyewe: hakikuwa kimesajiliwa. Ilibidi kuomba RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, usajili uliochelewa, kwa kibali cha maziko kilichotunzwa na shangazi wa familia na viapo vya wazee wawili. Ndipo kikao cha ukoo kikafanyika, muhtasari ukasainiwa na watoto wote wanne (mmoja yuko nje ya nchi, alituma hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na ubalozi), na dada mkubwa akateuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi. Alipeleka orodha ya mali na madeni mahakamani ndani ya miezi minne, kama kanuni zinavyotaka, na Msajili akaandika jina lake kwenye hati kama msimamizi. Kuanzia siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu 1986, kulikuwa na mtu hai mwenye uwezo wa kuuza.

*Kuachia ekari 6.* Mmoja wa wanahisa wa kampuni alishauri wadai ekari zote 9, kwa kuwa karatasi inasema hivyo. Ushauri ulikataliwa, na ulistahili kukataliwa. Kaya zile ziliwekwa hapo na serikali ya kijiji, na wengi wao ni wajukuu wa waliowekwa. Kudai ardhi ile kungewatesa watu bila haki, na kungeifungia kampuni milango ya mtaa mzima. Msimamizi alisalimisha hati ya zamani ili itolewe mpya ya ekari 3, na ekari 6 zikaingizwa kwenye mpango wa urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyokwishajengwa.

Utaratibu wake ulikwenda hivi: mchoro wa mipangomiji wa eneo lote ulioandaliwa na kupitishwa kupitia manispaa, upimaji na kuweka bikoni mpya, ramani ya upimaji kuidhinishwa, kodi ya pango ya nyuma kulipwa, kisha hati mpya. Matumizi mapya, huduma za mafunzo na malazi, yaliombwa kwenye mchoro uleule. Hilo liliokoa miezi, kwa sababu kuomba mabadiliko ya matumizi baada ya hati kutoka ni faili jingine, tangazo jingine na kikao kingine. Baa ya 2005 haikuwahi kuomba. Iliendeshwa kwa leseni ya biashara juu ya ardhi ya kilimo na makazi, na mwenye hati angeweza kuulizwa wakati wowote.

*Mlinzi.* Mwanawe, aliyekuwa bado akiishi kwenye banda, aliambiwa na jirani kwamba miaka 39 inamfanya mwenye mali. Haikuwa kweli: aliyeingia kwa ruhusa haondoki na mali ya aliyemruhusu kwa sababu tu muda umepita. Hata hivyo baba yake aliilinda nyumba ile bila mshahara kwa miongo miwili, na bila yeye mabati na boriti vingekwisha kitambo. Walikubaliana apewe milioni 12 na miezi sita ya kuhama.

*Mgawanyo.* Kwa ekari 3 bei ilishuka hadi milioni 230. Mnunuzi wa kwanza 110 (ikihesabiwa ile 40), mwana wa mlinzi 12, madeni ya pango na gharama za mirathi 12, warithi 96. Mkewe mnunuzi wa kwanza alisaini pamoja naye, kwa kuwa ndiye aliyeendesha vyumba na jasho lake lilikuwamo.

Kwa warithi, ugomvi ulikuwa juu ya ile milioni 18 ya mwaka 2003. Dada wawili walitaka ihesabiwe kwa thamani ya leo; kaka aliyeuza alitaka isahauliwe. Walikubaliana irudi kwenye chungu kwa kiasi kilekile. 96 na 18 ni 114. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana thumni (sehemu moja ya nane), lakini warithi wake walikuwa watoto walewale wanne, kwa hiyo matokeo hayakubadilika: mafungu sita, kaka wawili mawilimawili, dada wawili mojamoja. Kila kaka 38, kila dada 19. Aliyekwishachukua 18 akapokea 20. Hesabu hii ilifanywa ubaoni mbele ya wote, na ndiyo iliyofunga mjadala.

Uhamisho ulifuata njia ya kawaida: taarifa na ombi la kibali cha kuhamisha, hati ya uhamisho, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kodi ya faida ya mauzo TRA, ushuru wa stempu asilimia 1, kisha usajili. Tangu upekuzi hadi jina la kampuni kuingia daftarini ilichukua miezi 26.

Barua ya sanduku la bati

Katikati ya safari hiyo, ofisi ya mtaa ilidai kwamba vyumba vya chini ni mali ya umma kwa kuwa vilikuwa zahanati na ofisi ya kijiji kwa karibu miaka 20. Dai halikuwa la hila. Wazee wengi walichanjwa watoto wao mle ndani.

Lililomaliza ni ile ruhusa ya 1975. Nakala ya familia ilipotea, ila mwenyekiti mstaafu wa kijiji alikuwa nayo ndani ya sanduku la bati, ikiwa imekunjwa mara nne, wino umegeuka kahawia, na mikunjo imebandikwa karatasi ya gundi. Aliitoa mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Ilionyesha kwamba kijiji kilikaa kwa hisani, na kwamba mwenye nyumba hakufukuza wala hakutoa moja kwa moja. Kati ya karatasi zote za kisa hiki, ile iliyoandikwa bila wakili ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Ukuta uliogoma

Nyumba iliyopatikana ilikuwa inakufa kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa nje polepole kupitia chokaa. Plasta ya saruji ilifunga njia hiyo. Maji yakapanda hadi mita 1.5, chumvi ikaganda nyuma ya plasta na kuisukuma itoke vipande vipande, kila kipande kikiondoka na uso wa jiwe. Juu, zege la sentimita 10 kwenye sakafu ya mita 9 kwa 2.6 lilikuwa mzigo wa karibu tani 5.6 juu ya boriti zilizozoea udongo mwepesi wa chokaa. Boriti saba zilikuwa zimepinda na mbili zimepasuka ukutani, pale mchwa walipoingia.

Zege lilivunjwa kwa nyundo ndogo, kutoka katikati kwenda pembeni, huku nguzo za muda zimesimamishwa chini ya kila boriti ya tatu. Boriti mpya za mikoko zinahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo tisa mbovu zilibadilishwa kwa mbao za mtiki, ncha zikiachiwa nafasi ya kupumua ndani ya ukuta. Plasta ilibanduliwa hadi mita moja juu ya alama ya unyevu, chumvi ikafagiliwa kwa brashi kavu (kuosha kwa maji ya kisima cha pale ni kuongeza chumvi), na kuta zikaachwa wazi miezi mitatu.

Plasta mpya: chokaa iliyolowekwa mwezi mzima, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga wa mto uliochekechwa, tabaka mbili zisizozidi milimita 12. Tabaka la kwanza lilipigwa Januari, upepo wa kaskazi na jua la mchana, bila magunia. Ndani ya siku nne lilikuwa na nyufa kama ramani. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kabonidaioksaidi ikiwa bado na unyevunyevu. Ikikauka ghafla hubaki unga. Lilibanduliwa lote, likarudiwa kwa magunia yenye maji yaliyoning'inizwa mbele ya ukuta kwa siku kumi. Fundi aliyezoea saruji alihitaji kuoneshwa mara moja tu.

Wakati wa kubandua, juu ya dirisha la ghala la kwanza, neno DAWA lilijitokeza kwa rangi ya buluu. Limeachwa lilivyo.

Mlango wa kuchonga ulipatikana nyuma ya stoo ya mnunuzi wa kwanza. Alikuwa ameshapata mteja wa kuusafirisha. Milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na haitolewi nchini bila kibali. Alipoelezwa, aliurudisha bila malipo. Bawaba moja haipo.

Yaliyofaa, yaliyoshindikana

Kosa kubwa lilikuwa kulipa kabla ya upekuzi. Ada ya upekuzi ni ndogo mno ukiilinganisha na milioni 40, na majibu yangekuja kabla ya dalali kumaliza kumtafuta "mtu wa kesho". Kama mnunuzi wa kwanza angekataa mazungumzo, fedha ile ingepotea.

Kosa la 2003 ni la kila siku: watu waliuchukua muhuri wa mtaa kuwa uhamisho. Muhuri ule unashuhudia kwamba watu walikaa wakasaini. Hauna uwezo wa kumtoa marehemu kwenye daftari. Ajabu ni kwamba hata baada ya mirathi kufunguliwa, ndugu wawili waliendelea kuuliza kwa nini muhuri ule hautoshi, kwa hiyo haitoshi kulieleza jambo hili mara moja.

Kuweka matumizi mapya kwenye mchoro wa urasimishaji kulifanikiwa kwa sababu mchoro ulikuwa bado haujapitishwa. Ungepita wiki moja kabla, faida hiyo isingekuwapo. Kurudisha milioni 18 kwenye chungu bila kuikuza kulileta amani, ingawa kwa haki dada wawili walipoteza; walilijua hilo na wakalikubali mbele ya wote.

Lililoshindikana moja kwa moja ni muda aliopewa mwana wa mlinzi. Miezi sita haikutosha kwake kupata kiwanja kwa bei za Kigamboni za sasa, na aliishia kununua mbali zaidi, upande wa Kimbiji. Makubaliano yangemtengea kiwanja kidogo ndani ya zile ekari 3 kabla ya upimaji, gharama ingekuwa ndogo. Baada ya bikoni kuwekwa, haikuwezekana tena bila kurudia faili.

Hali ilivyo sasa

Chini kuna majiko mawili ya mafunzo, juu vyumba vinne vya kulala. Baraza la mbele linatumiwa na mtaa kwa mikutano Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa ruhusa ya maandishi ya ukurasa mmoja inayohuishwa kila Januari: nakala moja kampuni, moja ofisi ya mtaa, moja kwa wakili. Kati ya kaya 31 za ekari 6, 19 zimeshalipia hati zao. Zilizobaki 12 zinasubiri mpimaji arudi kurekebisha bikoni mbili karibu na duka la mkaa, ambako njia ya kupita imechorwa juu ya choo cha mtu.